Kidole Gumba cha Baba Mkubwa

Awino alikuwa na shahada ya sanaa na tasnifu ya kurasa tisini na nne juu ya muziki wa nyatiti, na hakuwahi kushika nyatiti hata kwa kuifuta vumbi. Hilo la mwisho hakuliandika kwenye barua ya kuomba kazi.

Nyatiti ni kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, vidole vya mikono vikichuna nyuzi, na kidole gumba cha mguu, kilichovishwa pete ya chuma, kikigonga ubao ili kushika mapigo. Awino aliyajua haya yote na mengine mengi. Angeweza kukutajia mti unaochongwa, mnyama anayechunwa ngozi, na ukurasa ambao jambo hilo limeandikwa. Kilichomshinda ni kusema "shikamoo" ikasikika.

Tatizo hilo lilikuwa la siku zote, ila mjini halikuwa na madhara. Huku Tarime, alikorudi baada ya chuo, lilimponza. Shikamoo yake ilitoka ndogo, ikafika kwenye meno, ikarudi ndani. Mzee anayepita na ng'ombe wake aliona midomo ya binti ikitikisika, akangoja, asisikie kitu, akaendelea na safari akiwa na kinyongo.

"Yule mtoto wa Odoyo," walisema, "chuo kimemtia maringo."

Laiti wangejua. Maringo yanahitaji sauti.

Kazi aliipata kwa sababu kituo cha vijana cha kanisa, kwenye barabara ya kwenda Sirari, kililetewa vishikwambi tisa vilivyokwisha kutumika, na mchungaji alikuwa akitafuta mtu yeyote "aliyesomea muziki" ili awafundishe vijana jioni baada ya shule. Awino alikuwa amesomea muziki. Hakuna aliyemuuliza kama anaujua.

Siku ya kwanza aliingia darasani na kadi kumi na nne alizoandika usiku uliotangulia, kila moja na sentensi zake. Kadi ya kwanza ilisema: "Habari za jioni, karibuni." Aliisoma. Ya pili ilihusu historia ya ala za nyuzi. Alipofika kadi ya tano, akiwa bado anaiangalia meza, msichana wa mbele aitwaye Irine, mwenye miaka kumi na minne na mdomo wa miaka arobaini, alinyoosha mkono.

"Madamu, hivi vishikwambi tutavipiga lini?"

Awino alizipekua kadi zake. Hakuna iliyokuwa na jibu.

Basi ilimlazimu atafute. Na hapo ndipo alipopata wazo ambalo, hata yeye aliyezoea kujidharau, alilionea fahari kwa siku tatu nzima. Vishikwambi vilikuwa tisa. Nyuzi za nyatiti ni nane. Kila kijana angeshika kishikwambi kimoja chenye sauti ya uzi mmoja tu, akigusa kioo uzi wake unalia, na vijana wanane kwa pamoja wangekuwa nyatiti moja. Cha tisa kingebaki kwa mwalimu, kwa ajili ya kidole cha mguu.

Nyuzi alizifuata kwa Baba Mkubwa Obura, kaka wa baba yake, fundi cherehani mstaafu ambaye alikuwa amepiga nyatiti kwenye sherehe za watu kabla Awino hajazaliwa. Alimkuta uani anakula ndizi za kuchoma. Akaweka kishikwambi mbele yake ili kinase sauti.

"Chuna uzi wa kwanza, Baba Mkubwa. Mara moja tu."

"Mara moja? Hata kuku hadonoi mara moja."

"Mara moja, tafadhali."

Mzee akachuna. Walikwenda hivyo uzi kwa uzi, yeye akilalamika kwamba ni kama kumwambia mtu aimbe herufi. Ilipofika zamu ya mguu, alivaa pete yake ya chuma, akagonga dakika nzima, ko, ko-ko, ko, ko-ko. Awino akamweleza kwamba kishikwambi kitalirudia pigo hilo bila kikomo.

"Yaani kidole changu kitagonga hata nikiwa nimelala?"

"Ndiyo."

"Na nikifa?"

Awino aliona aibu, lakini ukweli ni ukweli. "Hata hapo, Baba Mkubwa."

Obura alikiangalia kidole chake kwa heshima mpya. "Basi mama yenu mkubwa asisikie. Atakituma sokoni."

Vijana waliushika mchezo ule haraka kuliko mwalimu alivyotarajia. Mokami, binti wa Kikurya kutoka Nyamwaga anayekaa kwa shangazi yake, aliwakumbusha wenzake kila siku kwamba litungu la kwao nalo lina nyuzi nane, kwa hiyo Wajaluo wasijione. Alipewa uzi wa tatu akaulinda kama shamba. Irine alichukua wa kwanza bila kupewa. Hezekia, kijana mrefu asiyependa shule ila alipenda kila kitu kinachofanyika baada ya shule, alikuwa na wa nane.

Awino aliwafundisha kwa hesabu. Alibandika ukutani jedwali la rangi: nani aguse lini, mara ngapi, anyamaze mapigo mangapi. Wimbo ulichukua dakika nne na sekunde kumi na mbili, usizidi wala usipungue, huku kidole cha Baba Mkubwa kikigonga nyuma bila kuchoka. Haikuwa lazima aseme neno. Alikiwasha kidole, akaelekeza jedwali kwa fimbo, na watu wanane wakafanya alichotaka. Hilo halikuwahi kumtokea maishani. Jioni moja alijikuta anacheka peke yake njiani, mzee mmoja akamwona, kijiji kikaongeza: ana maringo, tena anawacheka watu.

Kisha kamati ya wazazi ikakaa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Abonyo, mama yake Irine, mfanyabiashara wa dagaa pale Sirari. Mama huyu alikuwa na sauti ya kuita lori lililoko ng'ambo ya mpaka likarudi. Katibu alikuwa Mwalimu Filemoni wa Hisabati, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, na hoja yake ilikuwa moja: mtihani wa darasa la saba umekaribia, vishikwambi tisa vinapigishwa ko-ko-ko, wakati vingeweza kufundisha sehemu na asilimia.

"Mwalimu Awino," alisema Mama Abonyo, "unasemaje?"

Awino alisema. Alisema mambo matatu yenye maana kabisa, kwa mpangilio, akiyaambia magoti yake.

"Amesemaje?" Mama Abonyo alimuuliza Filemoni.

"Sijasikia, Mwenyekiti."

Mama Abonyo alimtazama binti yule kwa muda, kama mtu anayepima kama dagaa wamekauka. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi ni sherehe ya kumuaga Dorah, binti wa Obura anayeolewa. Nitakuwepo. Walete watoto wako wapige. Mimi si mtu wa maneno mengi." Kamati nzima ilikohoa. "Nikicheza, vishikwambi vinabaki kwenye muziki. Nisipocheza, Jumatatu vinakwenda Hisabati. Katibu, andika."

Filemoni akaandika. Hata akapiga mstari chini yake.

Siku nne zilizofuata Awino hakulala vizuri. Aliwarudisha vijana kwenye jedwali mara thelathini. Alijua kwamba vishikwambi vikienda, yeye naye amekwenda, maana hakuna shule duniani ambayo ingemwomba afundishe asilimia. Ila hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba, vishikwambi vikienda, asingekuwa na mahali pengine ambapo watu wanane wanainua macho na kumngoja yeye.

Jumamosi saa tisa alasiri ua wa Obura ulijaa. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa toka kwenye nyumba hadi kwenye mti wa mwarobaini, viti vya plastiki viliazimwa kanisani, na ndugu walikuwa wamevuka mpaka tangu asubuhi. Mshereheshaji alikuwa binamu Anold kutoka Isebania, mwenye miwani ya jua na Kiswahili cha ng'ambo.

"Haya watu wangu, tulieni! Sasa tuko na masomo ya kompyuta, lakini ya kucheza. Wacheni mchezo!"

Vijana wanane wakaketi kwa safu, kila mmoja na kishikwambi mapajani. Awino aliunganisha kile cha tisa na spika kubwa za Anold, akaisimamisha maikrofoni mbele ya vijana, akakiwasha kidole cha Baba Mkubwa, na ua mzima ukatikisika. Ko, ko-ko, ko, ko-ko. Nyuzi zikaingia moja baada ya nyingine. Wazee waliinua shingo. Mama mmoja akauliza nyatiti iko wapi, akaonyeshwa watoto, akauliza tena. Obura, kwenye kiti cha mbele, ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Dakika ya kwanza ikapita salama. Ya pili ikapita. Bega la Mama Abonyo, Awino aliliona kwa macho yake, lilianza kutikisika.

Kisha Mama Abonyo akasimama na kuinua mkono.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kama Awino naye alivyopaswa kusimama. Kwa Wajaluo, muziki wa nyatiti si kitu cha kukaa na kusikiliza mpaka kiishe. Mtu ukimkolea, huinua mkono, mpigaji hushusha sauti, na mtu huyo hujisifu mbele ya watu wote: jina lake, kwao, mambo aliyoyafanya, hata yale ambayo angependa kuwa ameyafanya. Hiyo huitwa pakruok. Akimaliza, muziki hupanda tena. Kumpigia mtu muziki juu ya maneno yake wakati anajisifu ni kama kumwaga maji ya kunawa mbele ya mgeni mkono wake ukiwa bado umenyooshwa. Jambo hili limeelezwa vizuri sana, kwa mifano, katika sura ya tatu ya tasnifu moja ya kurasa tisini na nne. Sura ile ilipata alama za juu. Mwandishi wake hakuacha nafasi ya hata pigo moja kwenye jedwali.

"Mimi Abonyo!" alinguruma mama. "Binti wa Shirati!"

Ko, ko-ko.

"Mimi ninayepanda lori la dagaa kabla halijasimama!"

Ko, ko-ko.

"Mimi niliyesomesha watoto watano kwa mzani mmoja wenye kutu! Mimi..." Ko, ko-ko. Alinyamaza. Kidole hakikunyamaza. Akageuka taratibu kuelekea kiti cha mbele. "Obura! Mwambie kidole chako kinyamaze, mtu mzima anaongea!"

Obura aliinua mguu wake juu ili ua mzima uuone. "Mama Abonyo, kidole changu hiki hapa, kimo ndani ya kiatu cha sherehe ya mwanangu. Hicho kinachogonga sikijui."

Watu walicheka. Mama Abonyo hakucheka.

Awino alikuwa amekirukia kishikwambi. Alibonyeza, hakikuzima. Alibonyeza tena. Jasho lilikuwa limelowanisha vidole vyake hata kioo hakikumtambua, na hakikuwa cha kwanza pale kijijini kutomtambua. Alijifuta kwenye gauni, akabonyeza, sauti ikapanda. Vijana, waliofundishwa kutosimama hata nyumba ikiungua, waliendelea kuhesabu huku wakimtazama kwa hofu. Mwisho akafanya kitu ambacho hakimo katika sura yoyote: alishika waya mnene wa spika na kuung'oa kwenye umeme.

Kila kitu kikafa. Kidole, maikrofoni ya Anold, taa za rangi zilizozunguka keki. Vijana nao wakainua vidole, hata ndama wa jirani akasikika.

"Nani amezima?" Mama Abonyo aliuliza, ingawa Awino alikuwa amesimama na waya mkononi kama aliyeshika nyoka.

"Mathe, ni mwalimu," alisema Anold.

"Basi," alisema Baba Mkubwa Obura, akijifuta machozi ya kicheko, "aliyemkata mwenzake akijisifu, ajisifu yeye. Ndiyo faini yake. Au nasema uongo?"

"Ajisifu!" watu wakaitikia. "Msomi ajisifu! Tumsikie leo!"

Awino alitafuta kadi zake. Hazikuwepo, gauni la sherehe halina mfuko. Alimtafuta mchungaji, naye alikuwa anatazama pilau. Aliitazama safu ya vijana wake, na hapo akaona jambo. Bila kuambiwa na mtu, Mokami alikuwa ameshusha sauti ya kishikwambi chake, akagusa uzi wa tatu taratibu. Irine akafuata, kisha wengine, mpaka Hezekia. Walikuwa wanapiga chinichini, kama nyatiti inayomngoja mtu aseme. Walikuwa wamekulia kwenye sherehe hizi, wengine wakiwa mgongoni. Mwalimu wao peke yake ndiye aliyehitaji tanbihi.

"Mimi Awino," alisema.

"Hatusikii!"

"Mimi Awino, binti Odoyo!" Sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati, lakini ilitoka. "Mimi niliyesoma nyatiti kurasa tisini na nne, na sijui uzi wa kwanza unaanzia juu au chini!"

"Eeeh!"

"Mimi niliyeandika sura nzima juu ya watu wanaojisifu, na leo nimemwekea mama yangu kidole cha mguu mdomoni!"

Kina mama wakapiga makofi. Obura alikuwa ameinama, mabega yakimruka.

"Mimi ambaye ng'ombe wa kijiji hiki wananisikia kuliko wenye ng'ombe!" Alivuta pumzi. Nyuzi zikawa zinamngoja. "Wazee wangu, mnasema nina maringo. Nimewaamkia mwaka mzima. Kila siku, kila mmoja wenu. Zote zimeishia kwenye meno. Leo nazitoa zote pamoja. Shikamooni!"

"Marahaba!" ua mzima ulijibu, na kuku waliokuwa chini ya meza ya keki wakatawanyika.

Mama Abonyo alikuwa bado amesimama. "Vizuri," alisema. "Sasa kaa. Mimi sikuwa nimemaliza."

Akaanza upya, kutoka kwenye jina. Alipanda lori lake la dagaa, akasomesha watoto wake watano, akaongeza wa sita ambaye hakuna aliyemfahamu, na nyuzi nane zikambeba chini kwa chini bila kumkatiza neno. Na alipofika mwisho, akitupa mkono kuashiria muziki upande tena, Baba Mkubwa Obura alikuwa amekwisha kuvua kiatu na soksi. Pete ya chuma ilitoka kwenye mfuko wa suti, maana mpiga nyatiti haendi sherehe bila pete kama fundi asivyotoka bila sindano. Aliipindua kreti tupu ya soda, akaweka mguu, akagonga. Ko, ko-ko.

Haikuwa kwenye jedwali. Ilikuwa ya kasi zaidi, ikayumba pale mzee alipotaka iyumbe, na Irine akaifuata kwa macho, na wengine wakamfuata Irine. Watu wakasogea karibu kwa sababu vishikwambi bila spika vina sauti ya nyuki. Viti vikaburutwa. Kisha Mama Abonyo akacheza. Alianza na bega moja, akaongeza la pili, akashuka mpaka vumbi la ua likafika magotini mwake, na wimbo wa dakika nne na sekunde kumi na mbili ukachukua karibu nusu saa, kwa sababu kila mtu alikuwa na jambo la kujisifia. Hata mama mkubwa, mke wa Obura, alisimama akajisifu kwa kumvumilia mwenye kidole hicho miaka thelathini na sita.

Mwalimu Filemoni alimsogelea Mama Abonyo alipokuwa anajipepea kwa kitambaa.

"Mwenyekiti, kwa ajili ya kumbukumbu. Ile ilikuwa kucheza?"

"Nilikuwa nanyoosha bega. Linaniuma."

"Mama, ulicheza," alisema Irine.

"Wewe nyamaza." Alijipepea tena. Alimtazama Awino, ambaye kwa furaha na aibu alikuwa bado ameshika ule waya. "Katibu, andika: mwenyekiti alicheza."

Jumanne iliyofuata jedwali la rangi halikuwa ukutani. Awino alikuwa amelibandua mwenyewe, na kwa mazoea ambayo hayamwachi mtu kwa sherehe moja, akalikata kuwa kadi mpya kumi na nne, akaziandika upande wa nyuma. Alikuwa anaisoma ya pili, akiiambia meza, nyuzi zikilia, Hezekia alipoinua mkono.

Vijana saba wakashusha sauti.

"Mimi Hezekia!" alisema kijana, akasimama mpaka kichwa kikakaribia bati. "Mwenye uzi wa nane! Mimi niliyepata kumi na mbili kwa mia katika Hisabati, na bado ninakula!"

Dirishani pakatokea kichwa. Mwalimu Filemoni alikuwa anapita na madaftari kwapani.

"Kumi na moja," alisema. "Nilisahihisha mwenyewe."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu wao akacheka nao, kisha akakumbuka adabu na kugeukia dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Filemoni, akaendelea na njia yake.